Maswali ya Wasomaji: Mwaka wa Kwanza Bwenini

Kila vyuo vinapokaribia kufunguliwa, barua nyingi tunazopokea huhusu maisha ya bweni: godoro, umeme, mwenzako wa chumbani, homa ya usiku. Safari hii tumekusanya maswali yanayofanana na kuyajibu pamoja. Majibu mengine ni marefu kuliko mengine kwa sababu kuna makosa yanayoharibu siku moja, na kuna yanayoharibu muhula mzima.

Binti yangu anaanza chuo. Orodha ya vitu vya kununua imeshafika kurasa mbili. Kipi ni cha lazima na kipi tuache? – Mama wa mwanafunzi

Mama, kabla ya kutoa hata shilingi, mwambie binti aulize chuo mambo manne: vipimo vya godoro, nafasi iliyopo chini ya kitanda, vifaa vya umeme vinavyokatazwa, na kama kabati linakuja na ufunguo au linahitaji kufuli. Godoro la mtu mmoja mara nyingi ni sentimita 90 kwa 190, lakini vyuo vingine huweka refu zaidi, karibu sentimita 97 kwa 203. Shuka la mpira lililoshonwa kwa godoro fupi halitashika pembe za hilo refu, na litakuwa linachomoka kila usiku.

Vinavyotumika kweli ni hivi: shuka jozi mbili, ili moja ikifuliwa nyingine iwe kitandani, taulo mbili, jalada la godoro lenye zipu linalofunika pande zote, kandambili za mpira za kuogea tu, kikapu cha sabuni chenye matundu ili maji yasituame, taa ndogo ya mezani, na kufuli lenye funguo mbili, mmoja ukihifadhiwa nje ya chumba. Aongeze kisanduku cha dawa chenye kipimajoto, paracetamol, plasta, pakiti kadhaa za chumvi ya kuongeza maji mwilini, na dawa zake mwenyewe za mwezi mmoja pamoja na nakala ya cheti cha daktari.

Zulia, vyombo vya watu sita na nguo za misimu yote vibaki nyumbani. Vitu vya matumizi ya pamoja kama ufagio, ndoo ya taka na kioo visinunuliwe mpaka azungumze na mwenzake wa chumba. Vyumba vingi huanza mwaka vikiwa na fagio tatu na bila hata ndoo moja ya taka.

Nimesikia wanafunzi hutozwa fidia ya vitu walivyovikuta vimeshavunjika. Nitajilindaje?

Kagua chumba kabla ya kufungua mizigo, kwa sababu ukishatandika kitanda hutauona upande wa chini wa godoro tena. Anzia mlangoni uzunguke kufuata ukuta: kitasa, swichi, soketi, dirisha na komeo lake, wavu, kabati na kila droo, meza, miguu ya kiti, fremu ya kitanda, dari. Piga picha ya chumba kutoka pembe zote nne, halafu picha za karibu za kila ufa, doa na skrubu iliyokosekana. Picha moja ioneshe namba ya chumba mlangoni.

Ukipewa fomu ya vifaa, usiandike "nzuri" kwenye mstari mzima. Andika unachokiona: "droo ya pili haifungi, kioo kina ufa wa chini kulia." Kama hakuna fomu, andika barua pepe fupi kwa msimamizi wa bweni siku hiyohiyo na uambatanishe picha. Barua iliyotumwa siku ya kwanza ina nguvu. Ikitumwa baada ya mwezi, hakuna atakayejua ni nani aliyevunja.

Naamka na alama nyekundu zinazowasha mikononi. Mwenzangu hana hata moja, anasema ni mbu. Nitajuaje kama ni kunguni, na nifanye nini?

Alama za ngozi pekee haziwezi kuthibitisha. Watu wawili wakiumwa usiku mmoja, mmoja anaweza kuvimba na mwingine asiote hata kipele, kwa hiyo mwenzako kukosa alama hakumaanishi kitanda chake ni safi. Ushahidi uko kwenye kitanda.

Chukua tochi na kadi ngumu ya plastiki. Vua shuka zote, kisha pitisha kadi taratibu kwenye mshono unaozunguka godoro, chini ya lebo, kwenye viungo vya fremu, matundu ya skrubu, nyuma ya ubao wa kichwani na kwenye ufa wa ukuta ulio karibu. Unatafuta madoa meusi madogo mfano wa ncha ya kalamu, ambayo ukiyagusa kwa kitambaa chenye maji husambaa. Magamba ya rangi ya kahawia hafifu. Mayai meupe ya karibu milimita 1. Na kunguni wenyewe, wakubwa wakiwa bapa, wekundu wa kahawia, wenye urefu wa milimita 4 hadi 7. Ukimpata mmoja, mnase kwa utepe wa gundi na umpeleke kwa msimamizi. Hakuna maelezo yanayoharakisha kazi kama mdudu mwenyewe.

Toa taarifa siku hiyohiyo. Kunguni si dalili ya uchafu. Huja ndani ya mabegi na nguo, na chumba kinachosafishwa kila siku huvamiwa vilevile. Aibu ndiyo inayowapa muda wa kuzaliana. Jike hutaga mayai machache kila siku kwa majuma mengi, na penye joto mayai huanguliwa kwa takribani siku 6 hadi 10.

Wakati unasubiri wapuliziaji, endelea kulala kitandani kwako. Ushauri huu unachukiza, tunajua, lakini ukihamia kwa rafiki utawapeleka huko. Vuta kitanda sentimita 15 kutoka ukutani na uhakikishe shuka haigusi sakafu. Nguo na matandiko yote yatie kwenye mifuko ya plastiki iliyofungwa kabisa kabla ya kuyatoa chumbani, kisha yafuliwe kwa maji ya nyuzi 60 za Selsiasi au yazungushwe kwenye mashine ya kukaushia ikiwa kwenye joto kali kwa nusu saa. Baada ya hapo yaingie kwenye mifuko mipya, si ile ya mwanzo. Vitu visivyofulika vinaweza kugandishwa kwa nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku 4 mfululizo. Kuanika godoro juani hakutoshi: mdudu huhamia upande wenye kivuli na kurudi ndani nalo.

Mambo mawili huwashinda wanafunzi. La kwanza ni kupulizia dawa ya kopo. Dawa nyingi za namna hiyo hazifiki ndani ya nyufa, na kunguni wa sehemu nyingi duniani wameshakuwa sugu kwa kundi la dawa zinazotumika humo, kwa hiyo mnachofanikiwa ni kuwatawanya hadi chumba cha pili. Usimwage mafuta ya taa pia; godoro lenye mafuta ya taa linasubiri cheche tu. La pili ni kupuliza mara moja na kutulia. Dawa nyingi haziui mayai, ndiyo maana wataalamu hurudi baada ya wiki mbili hivi. Dai marudio hayo, na dai pia vyumba vya kulia, kushoto, juu na chini vikaguliwe. Chumba kimoja kikitibiwa peke yake, kwa kawaida tatizo hurudi kupitia matundu ya mabomba na nyaya.

Jalada la godoro lenye zipu likishawekwa, liache bila kulifungua kwa mwaka mmoja au zaidi, kwa kuwa kunguni aliyefungiwa ndani anaweza kukaa miezi mingi bila kula.

Upande wetu wa bweni umeme hukatika karibu kila jioni. Fundi anarudisha breka, baada ya dakika kadhaa inakata tena. Je, nyaya ni mbovu? Na ekstensheni moja inatosha watu watatu?

Inawezekana nyaya ni nzima na breka inafanya kazi yake. Katika mabweni mengi vyumba kadhaa hushiriki saketi moja, yaani njia moja ya nyaya iliyo chini ya breka moja. Chukua mfano wa saketi yenye breka ya ampea 20 kwenye umeme wa volti 230. Ili kupata ampea, gawanya wati za kifaa kwa volti. Birika la wati 2,000 huvuta ampea 8.7. Jioni vyumba viwili vikichemsha maji kwa wakati mmoja, cha tatu kikatumbukiza koili ya wati 1,500 ndooni, cha nne kikapiga pasi ya wati 1,200, jumla ni wati 6,700, yaani ampea 29. Mzigo umezidi kwa karibu nusu. Breka haikati papo hapo kwa ziada ya kiasi hicho. Ndani yake kuna kipande cha metali kinachopinda kadiri kinavyopata joto, nacho huchukua dakika kadhaa kufikia pa kukatia. Kwa hiyo anayelaumiwa huwa ni aliyewasha kitu cha mwisho, hata kama alikuwa anachaji simu tu. Mahali penye umeme wa volti 120, vifaa vyenye wati hizohizo huvuta karibu ampea mara mbili.

Dawa yake ni kupangiana zamu za vifaa vya joto. Wekeni karatasi ukumbini: pasi saa fulani, maji ya moto saa fulani, kamwe si viwili pamoja kwenye upande mmoja. Kama breka inakata wakati hakuna kifaa cha joto kinachotumika, au kuna harufu ya plastiki iliyoungua, hapo kuna hitilafu ya kweli na fundi afungue soketi moja baada ya nyingine. Kuomba breka "yenye nguvu zaidi" ni kuhamishia joto kwenye nyaya zilizo ukutani, ambako hakuna mtu atakayeliona mpaka moshi utoke.

Kuhusu ekstensheni, kompyuta mpakato tatu za wati 65, simu tatu za wati 20, taa tatu za wati 10 na feni ya wati 50 hufanya wati 335, chini ya ampea 2. Ekstensheni moja nzuri ya ampea 13 inabeba mzigo huo bila taabu. Matatizo huanzia kwingine. Usichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni, kwa kuwa mzigo wote unapita kwenye plagi moja ya kwanza. Waya ulioviringishwa uutandue wote, maana mizunguko hupashana joto. Usiupitishe chini ya zulia, godoro au mguu wa kitanda. Soketi inayolegea, ambamo plagi inacheza, ni hatari kuliko soketi iliyojaa: mguso mdogo wa chuma hupata joto kali pale pale. Weka kiganja juu ya plagi baada ya nusu saa ya matumizi. Vuguvugu hakuna neno. Ikikufanya uondoe mkono, au ikiwa na alama ya kahawia kando ya pini, iache isitumike tena.

Koili ya kuchemshia maji vyuo vingi huipiga marufuku, na tunaunga mkono marufuku hiyo. Pale inaporuhusiwa, izamishe majini hadi alama yake kabla ya kuwasha, kamwe usijaribu joto la maji kwa kidole ikiwa imewashwa, zima kwenye soketi na kuchomoa plagi, kisha subiri dakika moja kabla ya kuitoa. Ikitolewa ya moto huyeyusha ndoo au kuwasha shuka uliyoilaza juu yake. Jiko la mkaa ndani ya chumba, hata dirisha likiwa wazi kidogo, hutoa hewa ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu, na watu hufa usingizini. Kwa hilo hatuna maelekezo ya namna ya kulitumia salama, kwa sababu hayapo.

Mwenzangu wa chumba anasoma hadi saa nane usiku taa kubwa ikiwaka, kengele yake inalia mara sita asubuhi, na huniuliza kwa nini nimenuna. Sitaki ugomvi. – Asiyelala

Ndugu Asiyelala, kununa kwako kumeshasema jambo ila hakujasema ni jambo gani. Zungumza naye mchana, mkiwa wawili, wakati hakuna anayewahi darasa. Usianze na tabia yake ("wewe hujali watu"), anza na tukio moja na ombi moja: "Jana saa nane usiku taa kubwa ilikuwa inawaka, nikashindwa kulala. Naomba baada ya saa tano tutumie taa ya meza tu. Wewe unaonaje?" Halafu nyamaza umsikilize. Huenda naye anasumbuliwa na simu zako za asubuhi na hajasema.

Yale mnayokubaliana yaandikeni kwenye karatasi moja, mbandike ndani ya mlango wa kabati. Mambo yanayoleta kesi nyingi ni machache: saa ya kuzima taa kubwa siku za masomo na siku za mapumziko, idadi ya mara za kuahirisha kengele, nasi tungesema moja, wageni, hasa wa kulala, na taarifa itolewe siku ngapi kabla, vitu gani vinaazimwa bila kuomba na vipi haviguswi, simu za sauti zipigwe wapi, nani anafagia na kutoa taka siku gani. Karatasi hiyo ipitiwe upya wiki mbili kabla ya mitihani, maana ratiba za usingizi hubadilika wakati huo na makubaliano ya mwanzo wa muhula hayatoshi.

Upande wa vifaa, taa ya mezani ielekezwe ukutani au chini, si usawa wa kitanda cha mwenzako. Kengele ya simu iwekwe kwenye mtetemo na simu ikae kwenye kona ya fremu ya kitanda, au mwenye usingizi mzito aiweke mbali ili alazimike kusimama. Simu inayochajiwa isiwe chini ya mto. Hukosa hewa na kupata joto.

Kwa masikio, vizibo vya sponji husaidia sana lakini wengi huvivaa vibaya kisha husema havifai. Nawa mikono, kisokote kizibo hadi kiwe chembamba bila mikunjo, pitisha mkono mwingine nyuma ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kisukume ndani, kisha kishikilie hapo kwa sekunde 30 mpaka kijae. Kikibaki kimening'inia nje nusu nzima, hakijakaa. Vibadilishe vikichafuka au vikiwa vigumu. Kengele ya moto bado utaisikia, ila ya kuamkia ijaribu kwanza siku isiyo na kipindi cha asubuhi.

Ukizungumza naye mara mbili na hakuna kilichobadilika, mshirikishe msimamizi. Si kumchongea, kusuluhisha mambo kama haya ni sehemu ya kazi yake.

Nimepangiwa kitanda cha juu. Nahofia kuanguka.

Pima. Kizuizi cha pembeni kinapaswa kupanda angalau sentimita 13 juu ya godoro baada ya godoro kuwekwa, na hapa ndipo watu wanapokosea, kwa kuongeza godoro la pili laini lililo nene na kukimeza kizuizi chote. Tikisa fremu, ikicheza, boliti zimelegea, omba zikazwe na uziangalie tena kila mwezi kwa sababu mtikisiko huzilegeza. Ngazi iwe imefungwa, si ya kuegeshwa. Panda na ushuke ukiitazama ngazi, bila soksi zinazoteleza, na weka taa ndogo ya betri karibu na mto kwa safari za msalani usiku. Kama una kifafa, unatembea usingizini au una jeraha la goti, peleka cheti cha daktari uombe kitanda cha chini kabla ya kuhamia, si baada ya kuanguka.

Nguo zangu zinanuka hata baada ya kufuliwa, na ukutani nyuma ya kabati kumeota ukungu.

Matatizo hayo mawili yana chanzo kimoja. Nguo za mfuo mmoja wa mashine huachia hewani karibu lita 2 za maji zikikaukia chumbani. Watu wawili wakifanya hivyo kila wiki dirisha likiwa limefungwa, maji hayo hutua kwenye ukuta wenye ubaridi na usiopitiwa na hewa, yaani nyuma ya kabati. Harufu nayo ni ya bakteria wanaostawi kwenye kitambaa kinachokaa majimaji kwa saa nyingi.

Kausha nje kila inapowezekana. Ikishindikana, kamua kwanza, kisha viringisha nguo ndani ya taulo kavu na kuikanyagakanyaga. Maji mengi hutoka hapo. Ning'iniza ukiacha upana wa vidole vitatu kati ya nguo na nguo, fungua dirisha, elekeza feni kwenye nguo. Punguza sabuni. Povu lisilosuuzika hubaki kwenye nyuzi na kushika jasho, nalo huwa chakula cha bakteria walewale. Mashine ijazwe hadi mkono wako uweze kuingia juu ya nguo, si kushindiliwa, na nguo zitolewe mara inapomaliza. Taulo lifuliwe baada ya matumizi matatu au manne na lisikunjwe likiwa bichi.

Vuta kabati sentimita 5 hadi 10 kutoka ukutani, futa ukungu kwa maji ya sabuni, kausha. Ukirudi mahali palepale ndani ya wiki chache ilhali hewa inapita, huenda bomba linavuja, na hilo ni la fundi. Tahadhari moja kwa wanaosafisha vyoo vya pamoja: dawa ya klorini isichanganywe kamwe na siki, asidi ya kusafishia choo au dawa yenye amonia. Hewa inayotoka huchoma mapafu, na chumba cha choo ni kidogo.

Kengele ya moto hulia kila wiki bila sababu. Lazima nitoke?

Ndiyo, kila mara. Siku ya kwanza hesabu milango kati ya chumba chako na ngazi mbili zilizo karibu, kwa sababu kwenye moshi utahesabu kwa mkono, si kwa macho. Kabla ya kufungua mlango, uguse kwa mgongo wa kiganja. Ukiwa wa moto usifungue, ziba chini yake kwa nguo yenye maji na ujioneshe dirishani. Ukitoka, funga mlango nyuma yako, inama chini ya moshi, usitumie lifti. Na waambieni wanaoegesha milango ya ngazi kwa tofali waache. Milango hiyo imewekwa kuzuia moshi.

Mwenzangu amepata homa kali usiku. Nilisita kumwamsha msimamizi. Ni lini niamshe mtu?

Mafua ya kawaida yanaweza kusubiri asubuhi: anywe maji, apumzike, anywe paracetamol kwa kipimo kilichoandikwa, ambacho kwa mtu mzima mwenye afya hakizidi gramu 4, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, ndani ya saa 24. Angalieni dawa za mafua alizokunywa, kwa kuwa nyingi zina paracetamol ndani yake na hujumlishwa humo. Laleni vichwa vikitazama pande tofauti na fungueni dirisha.

Usisubiri asubuhi kama ana homa pamoja na lolote kati ya haya: maumivu makali ya kichwa, shingo ngumu isiyoweza kuinamia kifuani, kutapika mfululizo, kuumizwa na mwanga, kuchanganyikiwa au kusinzia asiamke vizuri, kupumua kwa shida, au vipele vya zambarau. Bonyeza pembeni ya bilauri ya kioo juu ya vipele. Visipofifia, ni dharura, ila usingoje vipele ndipo uchukue hatua. Dalili hizo zaweza kuwa homa ya uti wa mgongo, ambayo humzidia mtu ndani ya saa chache. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaoishi mabwenini wamo kwenye hatari kubwa kuliko wenzao wa rika hilo, ndiyo maana vyuo vingi hudai chanjo. Ni vyema kuchanjwa angalau wiki mbili kabla ya kuhamia. Na kama mwenzako akithibitika kuwa na homa hiyo ya bakteria, wewe uliyelala naye chumba kimoja utahitaji dawa za kinga, bora ndani ya saa 24. Usiondoke kwenda mbali kabla ya kuonana na wahudumu wa afya.

Wiki ya tatu sasa, nalia kila usiku kwa kukumbuka nyumbani. Wenzangu wanaonekana wameshazoea. Nirudi tu?

Pole sana, mdogo wetu. Wengi unaowaona wamezoea wanalia pia, ila wanafanya hivyo bafuni. Majuma ya kwanza ndiyo magumu zaidi kwa walio wengi, na uamuzi wa kuacha chuo usiufanye ukiwa ndani yake. Jiwekee tarehe, tuseme mwisho wa muhula, ndipo ulitazame upya.

Kwa sasa jaribu haya. Simu za nyumbani zipe saa maalumu, mapema jioni badala ya kabla ya kulala, maana simu ya mwisho ya usiku hukuacha peke yako na machozi. Kama nyumbani ni karibu, jizuie kwenda kila mwisho wa wiki mwezi huu; siku hizo ndizo wenzako wanapofahamiana. Kula mezani na watu, hata kama hamzungumzi, na ikiwezekana saa ileile kila siku, kwa sababu nyuso zinazokutana kila siku huanza kusalimiana zenyewe. Masomo yafanyie maktaba ili chumba kisiwe mahali pa kila kitu. Jiunge na kundi moja tu linalokutana kila wiki, si matano.

Nenda kwa mshauri wa wanafunzi kama kwa wiki mbili mfululizo hulali, huli, au umeacha kuhudhuria vipindi. Ukifikiria kujidhuru au kufa, mwambie mtu leo hii, iwe ni mlinzi wa zamu, msimamizi au mhudumu wa zahanati, na usilale peke yako usiku huo.

Naweza kuomba kubadilishiwa chumba?

Unaweza, lakini vyuo vingi husitisha maombi hayo kwa wiki mbili au tatu za mwanzo mpaka orodha za waliofika zikamilike. Andika ombi fupi lenye tarehe za matukio, hatua ulizochukua na unachokiomba. Kama kuna vitisho, wizi, ulevi wa hatari au unyanyasaji, usiandike ombi la kawaida wala usingoje wiki hizo zipite. Nenda ofisini ana kwa ana, sema hujihisi salama, na uombe pa kulala usiku wa leo.